Marahaba kwa Mwalimu Mkuu

Kwetu Tanga mtoto anahukumiwa kabla hajakaa kitako. Akikutana na mtu mzima anatakiwa aamkie. Atasema shikamoo, mtu mzima ataitikia marahaba, kisha ndiyo mambo mengine yafuate. Asiyeamkia hana adabu, na huyo asiye na adabu ana mama yake. Mama mwenyewe ndiye mie.

Binti yangu alikuwa na miaka saba tulipokwenda shule ya kwanza, ile iliyo karibu na kwetu Ngamiani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilimvalisha gauni jipya nililolishona mwenyewe, nikamfunga ushungi, nikamshika mkono. Mwalimu mkuu alikuwa baba wa makamo, miwani imemshuka puani, hana ubaya wowote. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha nikamsogeza mtoto mbele kidogo, nikamwambia, "Mwamkie mwalimu."

Binti yangu akatazama kona ya meza, akasema kwa sauti safi kabisa, "Marahaba."

Mwalimu akavua miwani. "Mama, kwani mimi nimemwamkia?"

Nikajichekesha, nikasema mtoto anatania. Mwalimu akainama, akamwuliza kwa upole, "Jina lako nani?" Binti yangu akamjibu, "Jina lako nani?" Akamwuliza tena, akajibiwa vilevile, kwa sauti ileile ya mwalimu, hata mkwaruzo wake. Hapo nikaona uso wa yule baba unabadilika. Nilitaka kumweleza, lakini nje mtu akagonga kengele, ile rimu ya gari inayoning'inizwa kwenye mti na kupigwa kwa chuma, na mtoto akaingia chini ya meza, mikono masikioni, analia. Ilibidi nipige magoti ofisini kwa watu kumtoa.

"Mlete mwakani," mwalimu akasema. "Akishakua kidogo, na akishafunzwa."

Afunzwe nini, na nani? Nilitoka pale masikio yananiwaka. Njiani watu wawili walinisalimu, sikuwaitikia hata mmoja.

Mie ni fundi cherehani. Kazi yangu kubwa ni sare za shule. Kila Januari barazani kwangu panajaa watoto wa watu, napima mabega, napima viuno, naambiwa niache upindo mrefu maana anakua haraka. Na wangu yuko chini ya cherehani, amekaa juu ya vitambaa, anapanga vifungo kwa rangi. Mlio wa cherehani unamtuliza. Akikasirika namweka pale, nakanyaga tu hata kama sina nguo ya kushona.

Maneno yake ni ya kuokota. Akitaka uji hasemi nataka uji. Anasema, "Unataka uji?" kwa sauti yangu mie, na ule uchovu wangu wa asubuhi anautoa vilevile ulivyo. Akiumia anasema, "Pole, umeanguka?" Nimezoea, naelewa. Lakini mtu wa nje anasikia mtoto anayemkejeli.

Daktari ndiye aliyenipa jina la jambo lenyewe. Alisema ni usonji, na kwamba mtoto atajifunza, ila kwa njia yake na kwa mwendo wake. Nilimwomba alirudie neno mara tatu, mwisho akaniandikia kwenye karatasi. Nilipomwambia mama mkwe, akauliza, "Usonji ndiyo kitu gani hicho? Kama kideri cha kuku?" Hakuwa anafanya mzaha, alikuwa anataka kujua. Nikamwonyesha karatasi.

Mama mkwe anakaa Tongoni, kwenye nyumba ya ukoo. Ni mwanamke mwema, na wema wake ndio ulionitia hofu kuliko ubaya wa wengine. "Nileteeni mie," alisema. "Huku hana wa kumcheka. Atakula, ataoga, atalala. Shule ya nini, mwanangu? Unajitesa bure."

Naijua nyumba ile. Nilipoolewa nilimkuta humo shangazi wa mume wangu, mwanamke wa mvi tele, amekaa kwenye jamvi nyuma ya jiko, anachambua mchele na kujisemea peke yake. Nilidhani ni mgeni aliyechoka. Kumbe alikuwa hapo tangu utoto. Walimlisha, walimwogesha, walimpenda, sisemi hawakumpenda. Ila hakuna aliyewahi kumpeleka popote. Aliingia uani mtoto, akazeekea uani, akatoka kwa jeneza. Nilipomkosha pamoja na wanawake wenzangu niliona nyayo zake laini kama za mtoto mchanga. Binti yangu alikuwa bado hajazaliwa, lakini nyayo zile sijazisahau.

Mume wangu anafanya kazi ya zamu huko Pongwe, kiwanda cha chokaa. Si mtu wa maneno. Siku niliyorudi kutoka shule ile alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa vumbi kwenye viatu, akasema, "Tutafute mpaka atimize miaka tisa. Ikishindikana aende kwa mama. Na wewe upumzike." Nikakubali kwa shingo upande. Tangu siku hiyo nilikuwa na miaka miwili ya kumtoa mwanangu uani kabla hajaingia.

Basi nikaanza kumfundisha salamu. Nilisema tatizo ni salamu, tukivuka hapo tumevuka. Kila asubuhi kabla ya uji namsimamisha mbele yangu, "Sema shikamoo. Sema shikamoo." Mwezi mzima. Jirani akipita, "Sema shikamoo." Muuza samaki akipita, "Sema shikamoo." Mpaka mtaa mzima ukachoka.

Tukaenda shule ya pili. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke, mnene, mcheshi, kanga ya kiunoni imebana. Nikamwamkia, nikamsogeza mtoto. Safari hii sikusema chochote, nilitaka aseme mwenyewe. Binti yangu akajinyoosha, akamwamrisha mwalimu mkuu, "Sema shikamoo."

Yule mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, akashika meza. Na mie nikacheka, wallahi, sikuweza kujizuia. Tulicheka wote wawili, na mtoto akatutazama mikono yetu. Kisha mwalimu akajifuta macho, akavuta pumzi, akaniambia darasa la kwanza lina watoto wengi na mwalimu mmoja, na hawezi kumwongezea huyo mwalimu mzigo. Alinishika bega. Kukataliwa na mtu aliyetoka kucheka na wewe kunachosha zaidi, maana huna wa kumkasirikia.

Watu walikuwa na ushauri. Mmoja akaniletea kombe, nikalipokea, mtoto akalinywa lote, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, akaniambia, "Unataka tena?" Mwingine akasema nimpeleke kwa mtaalamu wa majini, ana mtu kichwani. Madrasa peke yake ndipo hawakutufukuza. Huko ustadhi anasoma na watoto wanafuatisha, na kwa kufuatisha binti yangu hana mpinzani. Alizishika sura fupi zote kwa wiki chache, na sauti ya ustadhi nayo, pamoja na kikohozi. Lakini madrasa ni ya saa moja tu, jioni. Asubuhi yote bado ilikuwa yangu na yake na cherehani.

Shule ya tatu ilikuwa ya binafsi, na ilimpokea siku hiyohiyo. Nilipaswa kushtuka. Nilimshonea sare, nikampeleka asubuhi, nikamchukua mchana, na kwa wiki sita nilimwambia kila mtu mwanangu anasoma. Siku moja nikapita kabla ya saa kwa sababu umeme ulikatika na nguo za kupiga pasi ikabidi zisubiri. Darasani hayupo. Nikamwuliza mwalimu, akanionyesha mlango wa nyuma. Nikamkuta jikoni, nyuma ya jengo, kwenye jamvi, na sinia la mchele mapajani. Mpishi akaniambia kwa furaha, "Hana tabu kabisa mama. Tangu aje ananisaidia kuchambua."

Sikumgombeza mpishi. Yeye ndiye pekee aliyempa kazi. Nilimvua mwanangu ile sare palepale uani, nikamvika kanga yangu, sare nikaiacha juu ya jamvi. Nyumbani nililala kifudifudi mpaka mume wangu akarudi kazini, akanikuta hivyo, akapika mwenyewe.

Miezi iliyofuata niliyajua mabenchi yote ya ofisi za mji huu. Njoo Jumatatu. Njoo na barua ya daktari. Barua hii haina muhuri. Anayehusika kasafiri. Kijana mmoja aliniambia kuna shule nzuri ya bweni, mkoa wa mbali, safari ya siku nzima. Nikamwuliza, mtoto anayesema "Unataka maji?" usiku bwenini, nani atajua kwamba ana kiu? Akanitazama kama mtu asiyeshukuru. Mwanangu alikuwa amebakisha miezi minne kutimiza tisa, na mama mkwe alikuwa ameshanunua kigodoro.

Habari ya kitengo maalumu niliipata kwa mteja. Alikuja kupunguza sketi, akamwona binti yangu chini ya cherehani, akasema mpwa wake yuko hivihivi na anasoma. Ni shule ya serikali, barabara ya kwenda Pangani, ina darasa moja nyuma kwa ajili ya watoto kama hawa. Hakusema vizuri wala vibaya, alisema kama anayeelekeza duka la uzi. Nilimpunguzia sketi yake nikakosea pande zote mbili, nikafumua nikaanza upya.

Kesho yake tulikwenda kwa bajaji. Sikuwa na tumaini. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikumfundisha mtoto lolote wala sikumbadilisha nguo. Mwalimu alikuwa binti wa Kishambaa kutoka Lushoto, Mkristo, mwaka wake wa kwanza pwani. Tulimkuta amekaa sakafuni na watoto, anapanga vizibo vya chupa. Nikafungua mdomo niombe radhi mapema, nimwambie mtoto huyu salamu hajui, asimchukie. Binti yangu akaniwahi. "Marahaba."

Yule mwalimu hakuinuka. Alimtazama mtoto, akamjibu polepole, "Shikamoo."

Nikaona haya. Mwalimu kumwamkia mtoto! Nikasema, "Mwalimu, nisamehe, huyu ana matatizo."

"Anaamkia, mama," akasema. "Ukimpeleka mbele ya mtu mzima, anasikia nini?"

Sikuelewa. Akaniambia nifikirie vizuri. Wewe unasema shikamoo, hayo ni maneno ya mama, anayasikia kila siku. Lakini mtu mzima mwenyewe, kila mtu mzima, tangu mtoto huyu azaliwe, akikutana naye anatoa neno moja. Anatoa marahaba. Kwa huyu mtoto, watu wakikutana wanasema marahaba. Ndiyo salamu yenyewe.

Nilikaa chini sakafuni, ingawa kiti kilikuwepo. Miaka yote ile mwanangu alikuwa anaamkia watu. Aliwaamkia walimu wakuu, aliwaamkia wazee msikitini, alimwamkia bibi yake, na mie nilikuwa nambana mkono kwa siri ili anyamaze. Nililia bila sauti, mwalimu akaendelea na vizibo vyake. Baadaye akanionyesha jinsi ya kumfundisha: nisimwambie sema, maana hiyo sema ataibeba nayo. Nisimame ubavuni mwake, nitazame anakotazama, niseme kwa niaba yake, "Shikamoo, mwalimu," basi. Jambo dogo hivyo.

Nikamwuliza kama kuna nafasi. Akaenda kuchukua daftari la mahudhurio.

Watoto walikuwa kumi, na kumi ndio mwisho wake. Mwalimu mkuu alikuwa amekubali hivyo na hakutaka kuongeza. Lakini kwenye daftari jina moja lilikuwa na mstari mtupu, bila alama. Mtoto wa Kigombe. Mama yake alikuwa anamleta kila siku kwa bodaboda, umbali wote ule, kisha ghafla akaacha. Wiki ya nne sasa. Simu haipatikani. "Mara ya mwisho alikuja na tumbo kubwa, anahema," mwalimu akasema. "Labda amekata tamaa. Mwalimu mkuu anataka nijaze jina lingine, na mimi naogopa. Wewe ni mtu wa huku, mama. Unaonaje, atarudi?"

Wiki ya nne. Mwanamke yeyote wa pwani angejua. Yule mama amejifungua, yuko ndani, anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na hatoki hata kwenda dukani mpaka arobaini yake itimie. Hajakata tamaa. Anahesabu siku. Zikitimia atafunga kanga zake atapanda bodaboda atarudi na mwanawe, kama mie ningefanya. Huyu binti wa milimani hakulijua hilo, au alilijua kwa kulisikia tu, na alikuwa ananiuliza kwa sababu aliamini nitamwambia.

Nikamwambia, "Watu wanachoka, mwalimu."

Haikuwa uongo. Akalitazama daftari tena, akachukua kalamu, akaniuliza majina kamili ya binti yangu. Nikamtajia.

Siku ya kwanza nilimwacha nikarudi nyumbani, nikalala mpaka adhuhuri, shati la mtu liko kwenye cherehani lina mkono mmoja. Mume wangu alimpigia mama yake simu Tongoni. Nilisikia sauti ya mama mkwe ikisema alhamdulillahi mara nyingi, kisha akasema kigodoro atakiweka, mtoto aje likizo. Na mambo yakaanza kwenda, si haraka. Kengele ya shule ile nayo ni rimu. Mwalimu akampeleka mpaka kwenye mti, akampa chuma, akamwacha aigonge mwenyewe; wiki ya pili hakuziba tena masikio. Anatenganisha vizibo, anaandika herufi mbili. Siku moja asubuhi alinivuta kanga, akasema, "Nataka uji." Nikawasha moto.

Wiki ya tatu, mchana, nilifika mapema kumchukua. Kwenye ukuta wa nje alikuwa amekaa mwanamke na mtoto mchanga kifuani, ananukia mvuje wa kukinga wachanga, uso umempauka kama wa mtu aliyetoka ndani siku hiyohiyo. Ubavuni kasimama mtoto wa kiume wa miaka kumi hivi, amevaa sare. Suruali imemwishia juu ya vifundo, upindo haujafumuliwa. Nilimjua yule mama kabla hajasema kitu.

"Shoga, asalaam aleikum," akaniambia. "Na wako yuko humu?"

"Waaleikum salaam. Yumo."

"Wameniambia nafasi ya mwanangu imejazwa. Mwalimu kaniomba radhi mpaka nimemwonea huruma mie." Alimbadilisha mtoto mchanga bega. "Simlaumu. Nilimtuma dereva wa bodaboda aje aseme nimejifungua, kumbe hakufika. Hivi unamjua aliyepewa? Sitaki ugomvi. Nataka nimwone mama yake tu, tuzungumze. Labda wangepokezana, wake siku tatu, wangu siku mbili. Mama atanielewa."

Ndani niliwasikia watoto wanakusanya vitu. Dakika chache tu binti yangu angetoka, angenishika mkono, na mwanamke huyu angemtazama, angehesabu watoto, angejua.

"Simjui," nikasema. "Watu wengi humu, hatujuani."

Akatikisa kichwa polepole. Hakunishuku. Alikuwa amechoka ule uchovu wangu, niliuona kuanzia mabegani, mtu angeweza kuupima kwa futi. Nikamwambia aende ofisi ya elimu, aanze na barua ya daktari, ahakikishe ina muhuri. Nikamwambia asikate tamaa. Akaniombea dua, mie na mwanangu, akamshika mtoto wake mkono, wakavuka barabara kwenda kutafuta bodaboda.

Huwa namfikiria, hasa nikiwa napinda suruali. Najua Kigombe si mbali, na najua kule nyuma ya nyumba za watu kuna uani. Ningeweza kumtafuta. Siku tatu na siku mbili, hata mwalimu angekubali. Lakini binti yangu akikosa siku moja inamchukua wiki kurudi alipokuwa, na mie sina tena nguvu ya kuanza mwanzo. Angeniuliza tena leo, ningemjibu vilevile.